Njia Mbili za Kuunga Taya

Msomaji, weka ncha ya kidole chako cha shahada mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fumbua kinywa na kukifumba polepole. Utahisi kitu kigumu kikiteleza chini ya ngozi, kikienda mbele na kurudi. Kitu hicho ni kichwa cha taya la chini. Kimekaa katika kikombe kidogo cha mfupa wa fuvu, na chini yake pana shingo nyembamba inayokiunganisha na taya lenyewe. Kila utamkapo neno, kila utafunapo tonge, na kila upigapo mwayo, kichwa hicho hutenda kazi yake wala wewe hukikumbuki. Mimi niliishi miaka 34 bila ya kujua kwamba ninacho, mpaka siku shingo yake ilipovunjika.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Nilipanda bodaboda kutoka shuleni kwenda nyumbani, nami nilikuwa nimekumbatia madaftari ya wanafunzi wa kidato cha pili ili yasilowe. Katika mteremko wa barabara ya udongo gurudumu la nyuma liliteleza, tukaanguka. Mwenye pikipiki alianguka kwa ubavu, akainuka na michubuko tu. Mimi sikuwa na mkono wa kujikinga, kwa kuwa yote miwili ilikuwa juu ya madaftari, basi kidevu changu ndicho kilichotangulia kufika chini. Sikujua kama ni ujinga au ni uaminifu kuokoa insha 42 kwa gharama ya uso. Jambo hilo nimelihukumu kwa namna mbalimbali kwa siku mbalimbali.

Katika zahanati iliyokuwa karibu walinisafisha, wakanishona nyuzi 5 kidevuni, wakanipa dawa ya maumivu, wakaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nilishukuru, nikaenda. Hakuna aliyenitaka nifumbue kinywa. Asubuhi ya pili nilipojaribu kutafuna kipande cha chapati niligundua jambo la ajabu: meno yangu hayakukutana. Ya upande wa kushoto, nyuma, yaligongana kabla ya wakati wake, na ya mbele yakaachwa wazi kama mlango uliokatika bawaba. Nilipoachama mbele ya kioo, kidevu kilikwenda upande wa kushoto badala ya kushuka wima. Hata hivyo nilirudi darasani. Nilipotamka neno lenye sauti ya "s" lilitoka kama filimbi, na darasa zima likacheka. Siwalaumu. Lakini mwalimu ambaye maneno yake hayatoki sawasawa ni kama fundi seremala aliyepotelewa na msumeno, na kicheko kile ndicho kilichonipeleka hospitali kubwa.

Wewe usomaye huenda siku moja ukamwona mwenzako ameanguka kifudifudi mchezoni na kupasuka kidevu. Basi jua kwamba pigo la kidevu halikai kidevuni. Taya la chini limepindwa kama upinde, na nguvu inayolipiga katikati husafiri katika mkono wake hadi juu, mpaka ifike mahali pembamba kuliko pote, yaani shingo ile iliyo mbele ya sikio. Hapo ndipo livunjikapo aghalabu. Kuna rehema ndani yake, maana kama shingo ile ingekuwa nene na ngumu, pigo lile lingekisukuma kichwa cha taya juu, katika mfupa unaoutenga na ubongo. Lakini rehema hiyo ina ila moja: jeraha hushonwa kidevuni, panapoonekana, na mpasuko wa mfupa huachwa juu, usipoonekana. Meno yasiyokutana na kidevu kinachokwenda upande ni ishara ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzitambua.

Hospitalini walinipiga picha ya eksirei, na daktari mpasuaji wa kinywa na uso, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliiweka mbele ya mwangaza nikaiona. Shingo ya kushoto ilikuwa imekatika. Kipande cha juu kililala kimeinama kuelekea ndani, kwa kuwa msuli ulioshikamana nacho ulikuwa umekivuta, na kipande cha chini kilikuwa kimepanda juu, hata taya zima upande ule limekuwa fupi. "Ndiyo maana meno yako yanagongana nyuma, mwalimu," aliniambia. Kisha akanieleza kwamba ziko njia za kutengeneza, naye angependa nizielewe kabla ya kuchagua. Nimekutana na waganga wengi waliotoa amri. Huyu alitoa somo, nami nikakaa kama mwanafunzi.

Njia ya kwanza ni kuyafunga mataya mawili pamoja kwa waya, meno ya juu kwa meno ya chini, na kuuacha mfupa ujiunge wenyewe huku kinywa kimefumbwa. Ni njia ya kale mno. Maandishi ya Wayunani yanayohusishwa na Hippocrates, ya karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, yanaeleza jinsi ya kuyafunga meno yaliyo kando ya mvunjiko kwa uzi wa dhahabu au wa kitani. Hati ya Misri yenye umri mkubwa kuliko huo, inayoitwa kwa jina la Edwin Smith, inalitaja taya lililovunjika pamoja na jeraha kuwa ni ugonjwa usiotibika. Njia ya waya haikati ngozi wala haigusi mshipa wa fahamu hata mmoja. Lakini mgonjwa hulishwa kwa mrija, hukonda, na huwekewa koleo la kukatia waya karibu naye usiku na mchana, asije akatapika akapaliwa. Kwa mivunjiko mingi yatosha, na kwa watoto wadogo ambao taya lao lingali likikua, waganga huepuka kisu kadiri wawezavyo, wakapendelea kufunga kwa muda mfupi na kuwahimiza waanze upesi kufumbua kinywa. Kwa mtu mzima ambaye mfupa wake umehama mbali kama wangu, madaktari wamebishana kwa miongo mingi kama yafaa kuachwa hivyo. Daktari wangu hakuwa na shaka. Alisema kwamba mfupa uliolala utajiunga ukiwa umelala, na taya litabaki fupi upande mmoja.

Basi zikabaki njia mbili za kisu, na hizi ndizo zilizoninyima usingizi.

Upasuaji wa wazi ni huu. Daktari hukata ngozi nje, kwa mvunjiko kama wangu nyuma ya ukingo wa taya, chini ya ndewe ya sikio, mkato wa urefu wa sentimita 3 hivi. Hupenya polepole mpaka afike kwenye mfupa, huuona kwa macho yake mwenyewe, huvivuta vipande viwili mpaka vikutane, kisha huvikaza kwa mabamba membamba ya titaniamu, unene wake kama milimita 1, na skurubu ndogo zenye kipenyo cha milimita 2. Maarifa ya mabamba hayo madogo yalikuzwa Ufaransa katika miaka ya 1970, na Maxime Champy wa Strasbourg ndiye aliyeonyesha ni mistari ipi ya taya ifaayo kuwekwa bamba, kulingana na jinsi mfupa unavyovutwa na kukandamizwa wakati wa kutafuna. Tangu hapo mtu aliyekazwa vema haihitaji kufungwa kinywa wiki nyingi. Huamka kutoka katika nusukaputi, na baada ya siku chache anakunywa uji kwa kikombe.

Hatari ya njia hii iko kati ya ngozi na mfupa. Hapo hupita mshipa wa fahamu wa uso. Hutoka katika fuvu chini ya sikio, huingia ndani ya tezi kubwa ya mate iliyo mbele yake, na humo hugawanyika kama vidole vya mkono ulionyoshwa: tawi la kwenda kwenye paji la uso, la kwenda kwenye kope, la kwenda kwenye shavu, la kwenda kwenye mdomo wa chini, na la kwenda shingoni. Anayekata ili aufikie mfupa hana budi kupita baina ya vidole hivyo. Akiuvuta mmoja kwa nguvu, mahali unapopeleka amri hulegea kwa wiki au miezi. Akiukata, hulegea daima. Tena tezi ya mate ikijeruhiwa, mate huweza kuvuja kwa muda kutoka katika mshono. Na kovu hubaki, hata likiwa dogo.

Upasuaji wa pili hauingii kwa mlango huo. Mkato hufanywa ndani ya kinywa, nyuma ya meno ya mwisho, kufuata ukingo wa mbele wa mkono wa taya. Daktari huinua nyama kutoka kwenye mfupa mpaka atengeneze chumba chembamba, kisha huingiza humo endoskopu, yaani darubini nyembamba yenye kipenyo cha milimita 4 hivi, ambayo jicho lake limekatwa kwa mshazari wa digrii 30 ili lione kilichojificha kando. Taswira hutokea katika kioo kilichowekwa mbele yake, imekuzwa mara nyingi. Kwa keekee na bisibisi zenye shingo iliyopinda, au kwa tundu dogo linalotobolewa shavuni, hukaza mabamba yaleyale na skurubu zilezile. Matawi ya mshipa wa fahamu yako nje ya mfupa, naye amepita ndani, basi hayavuki njia. Kovu la kuonekana, kama lipo, ni la tundu hilo dogo tu.

Niliposikia hayo moyo wangu ulikwenda huko moja kwa moja, kama moyo wako unavyokwenda sasa. Usiku ule nilisoma juu ya chombo hicho yote niliyoyapata. Nilijua kwamba Mjerumani mmoja, Philipp Bozzini, alitengeneza mwaka wa 1806 kifaa cha kuchungulia ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa, na kwamba mwangaza haukutosha kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake, mpaka Harold Hopkins, mwanafizikia wa Uingereza, alipobuni mfumo wa vijiti vya kioo ndani ya mwanzi. Katika darubini za kale mwanzi ulikuwa hewa tupu na vioo vidogo vimepangwa ndani yake hapa na pale. Hopkins aliligeuza jambo hilo: akaujaza mwanzi kioo, akaziacha nafasi ndogo za hewa baina ya vijiti, na hewa hiyo ndiyo ikawa kama kioo cha kukuzia. Nalivutiwa sana na ubunifu huo. Karl Storz, mtengeneza vyombo wa Ujerumani, aliuchukua katika miaka ya 1960 akautia katika vyombo vya waganga. Tumbo na magoti vilifaidika mapema. Shingo ya taya ilingoja mpaka miaka ya 1990 kwisha.

Nikarudi kwa daktari nikiwa nimekwisha kuamua. "Daktari," nikasema, "nataka ile ya ndani ya kinywa."

Hakunikatalia. Alichora juu ya karatasi mifupa miwili. Katika mchoro wa kwanza kipande cha chini kililala ndani na cha juu nje. Katika wa pili ilikuwa kinyume. "Huu wa kwanza," akasema, "nikiingia kwa kinywa ninauona mbele yangu, na kuusukuma mahali pake si kazi ngumu. Wako ni wa pili. Kipande cha juu kimejificha nyuma ya cha chini, upande wa ndani. Ni lazima nikivute nje kwanza, na nafasi niliyo nayo ni upana wa kidole." Akaendelea kunieleza kwamba kioo huonyesha picha bapa, isiyo na kina, na mkono hujifunza polepole kutenda jambo ambalo jicho halilioni moja kwa moja. Majaribio ya kulinganisha njia hizi mbili yameelekea kuonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa pande zote mbili hufumbua kinywa na kutafuna kwa namna iliyokaribiana sana. Walioingiliwa kwa kinywa hupata taabu chache za mshipa wa uso, lakini hukaa muda mrefu zaidi juu ya meza ya upasuaji. Na mpasuaji akishindwa katikati, hana budi kukata nje vilevile.

Ndipo nilipomwuliza swali ambalo nadhani kila mgonjwa ana haki ya kuliuliza, nalo si la jeuri: "Wewe mwenyewe umefanya ngapi?"

Alinitazama, akacheka kidogo. Upasuaji wa wazi alikuwa amefanya mwingi hata haukumbuki wote. Wa endoskopu alikuwa amefanya michache akiwa na mkuu wake kando yake, nje ya nchi, na yote ilikuwa ya mivunjiko iliyo rahisi. Katika hospitali ile bisibisi zenye shingo iliyopinda hazikuwapo. Aliweza kunipeleka kwa mwingine mwenye vyombo na mazoea, lakini huenda ningengoja, na mimi nilikuwa katika siku ya sita tangu kuanguka. "Zikipita wiki mbili," akasema, "mfupa huanza kujiunga hapo ulipo, na atakayekupasua atalazimika kuuvunja tena."

Nilifikiri usiku mmoja. Nilijua kwamba kilichokuwa kikinivuta kwenye njia ya pili hakikuwa mfupa, ilikuwa ngozi. Sikutaka wanafunzi waone kovu. Nilikuwa nimelinganisha njia mbili kwa kipimo cha mlango, mdogo na mkubwa, bila ya kuuliza ni nani atakayeingia na anakwenda kutenda nini chumbani. Hata hivyo hofu ya mshipa wa uso haikuwa ya urembo tu. Mwalimu aliyelegea mdomo hawezi kutamka vema, na darasa langu lilikuwa limekwisha kunionyesha litakavyofanya. Asubuhi nilitia sahihi karatasi ya upasuaji wa wazi, na mkono wangu ulitetemeka.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Nilipozinduka jambo la kwanza nililolifanya ni kuyakutanisha meno. Yalikutana. Sijui namna ya kukueleza furaha hiyo, msomaji, kwa kuwa wewe meno yako yamekutana maisha yako yote na hujapata kushukuru. La pili niliomba kioo nikatabasamu, na tabasamu lilikwenda kombo. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, haukushuka. Daktari alinishika kidevu akanitaka nitamke, nipulize, nikaze midomo. Akasema tawi limechoka kwa kuvutwa, halikukatwa, maana alilitazama kwa macho yake mpaka mwisho. Hilo nalo ni faida ya njia ya wazi ambayo sikuisoma popote: aliyeuona mshipa anaweza kukuambia hali yake.

Miezi ile miwili na nusu ilikuwa mirefu. Nilifundisha nikiwa nimeugeukia ubao kuliko ilivyo desturi yangu, na herufi za midomo, b na p na m, nilizitamka kwa uangalifu kama mgeni anayejifunza lugha. Kila asubuhi na jioni nilifanya zoezi la kufumbua kinywa kwa vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo waganga hutumia kukandamiza ulimi: unavipanga kimoja juu ya kingine, unavitia baina ya meno, na kila baada ya siku chache unaongeza kimoja. Nilianza na 9. Nilifika 24.

Katika kliniki ya mazoezi hayo nilikutana na binti mmoja, karani, aliyevunjika mahali pale pale katika ajali ya gari na kupasuliwa India kwa endoskopu. Alikuwa juu ya meza karibu saa nne. Nilimkagua uso bila ya haya, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine, na sikuona alama ila nukta shavuni, ndogo kuliko kovu la chunusi. Tabasamu lake lilikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Nilimwonea wivu, nakiri. Naye akaniuliza vijiti vyangu vimefika vingapi, nikamwambia, akahesabu vyake. Tulipishana kimoja tu, naye ndiye aliyekuwa nyuma. Mfupa wake ulikuwa wa mchoro wa kwanza, kipande cha juu nje. Tulisema kwa utani kwamba lau tungebadilishana wapasuaji, huenda kila mmoja wetu angalikuwa bado amelala mezani.

Mdomo wangu ulirudi katika mwezi wa tatu, si ghafula, bali siku moja katika gwaride la asubuhi nilipotaja jina la mwanafunzi na likatoka lote bila ya mimi kulifikiri. Mabamba yangali ndani, wala hayanisumbui. Kovu liko chini ya ndewe ya sikio la kushoto, jeupe kidogo, refu kama kipande cha chaki kilichobaki mwisho wa kipindi. Kinyozi wangu huniuliza kila mwezi kama aache ndevu za upande ule ziifunike alama, nami humwambia anyoe.